Tyubu Isiyotoa Kipovu

Nimejaza beseni maji, gerejini, saa kumi alfajiri.
Nimeizamisha tyubu kipande kwa kipande,
nikaibana, nikasubiri kipovu kimoja tu kiniambie: ni hapa.
Hakuna.
Jana niliijaza upepo, nikaigonga ikalia kama ngoma.
Leo inaning'inia ukutani kama ulimi buchani.

Ndivyo nilivyo tangu Machi.
Sikuanguka. Sikuugua. Hakuna aliyenigonga.
Nalala saa tisa nzima, naamka hoi bin taabani,
kana kwamba usingizini kuna mtu alinipanda mgongoni
akanikanyagisha pedali hadi Pamplona na kurudi.

Nina miaka arobaini na tisa. Nauza misumari na rangi
dukani kwa shemeji yangu, Azpeitia, nyuma ya kanisa.
Mlima Izarraitz naujua kwa mapaja kuliko kwa macho:
kona ya tatu inauma nyonga, ya saba inauma mapafu,
ya tisa haiumi popote kwa kuwa umeshaacha kuwa mtu.
Nilikuwa nikiifikia ya tisa huku natukana kwa furaha.
Sasa ya tatu inanishusha. Mimi!
Nashuka, nasukuma, na chuma za viatu zinagonga lami
ko, ko, ko,
kama mbuzi apelekwaye mnadani.

Maddalen amenipita. Maddalen, aliyejifunza baiskeli
akiwa tayari ana wajukuu wawili.
Akauliza, "Mnyororo?" Nikajibu, "Mnyororo."
Nikainama, nikaushika mnyororo usio na kosa
mpaka vidole vikawa vyeusi vya kutosha kuaminiwa.

Kila mtu ana jibu. Shemeji: ni umri.
Mama mkwe: ni damu, akaleta supu ya maini kwenye ndoo.
Josune, nahodha wetu: kichwani, Itziar, yote yako kichwani.
Koldo mume wangu hasemi kitu. Anapanda ngazi nyuma yangu
polepole, akijifanya goti linamsumbua.

Dokta Amilibia alichukua chupa sita.
Akageuza karatasi, akaigeuza tena.
Madini ya chuma, yapo. Sukari, sawa. Moyo, wa msichana.
"Lakini hapa," na kalamu yake ikasimama,
"tezi ya koo iko juu ya mstari wenyewe, si ndani si nje.
Na homoni zako zinapanda na kushuka
kama lifti iliyoachiwa watoto.
Huenda ni hiyo. Huenda ni hizi.
Huenda umekopa mwilini miaka ishirini, sasa mwili unadai na riba.
Rudi baada ya wiki sita."
Nilikwenda na swali moja,
nikarudi na huenda tatu.

Nina daftari. Miaka ishirini na miwili ya dakika na sekunde,
mvua, upepo, nani nilimwacha kona ipi.
Juzi usiku nililisoma kuanzia Machi, nikaona mwandiko
unapungua, unapungua,
hadi Juni tarakimu ni sisimizi.
Mkono ulijua, haukuniambia.
Au uliniambia, nami nikanunua kalamu nyingine.

Kuna jambo sikumwambia daktari.
Siku moja usingizi ulinichukua ngazini,
kiatu kimoja mguuni, kingine mapajani.
Koldo akanikuta, akakaa ngazi ya chini yangu,
akala kifungua kinywa chake chote pale,
hakuniamsha.

Saa kumi na mbili sasa. Nje manyunyu yaleyale ya hapa,
yasiyoanza wala kukoma.
Nimeikagua valvu, nimeipaka mate. Hata hapo, kimya.
Basi naijaza tena, nayo inakubali, mnafiki huyu, inakaza.
Nitakwenda nayo hadi kwa mwokaji, tambarare, kilomita mbili,
kabla haijaanza kuvuja pale isipovujia.
Na kwenye daftari, safu ya muda, nitaandika:
mkate.
Bado wa moto.